Uwanja Tuliouita Tambarare

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Mwalimu Hildegardi alitugawia madaftari haya Ijumaa tulipofunga shule. Alisema kila msichana wa kidato cha tatu aandike msimu wote wa kahawa, siku yenye jambo na siku isiyo na jambo. Hatasoma, ataangalia tu kama kurasa zimejaa. Naanza leo kwa sababu leo kuna jambo.

Baada ya misa alituita wote wa timu nyuma ya kanisa, upande unaopata jua. Ukungu ulikuwa haujainuka na vidole vyetu vilikuwa na ganzi. Yeye ndiye kocha wetu. Timu yetu ya besiboli inaitwa Ngolo, kama mashimo tunayochimba mashambani ili mvua isiuteremshe udongo. Ina miaka miwili. Mimi ndiye mrushaji. Mrushaji husimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Mpira ukipita juu ya goti lake na chini ya kifua chake, naye asiupige, huo ni mpira mzuri. Mwalimu husema timu isiyo na mrushaji ni watu waliovaa jezi. Tumecheza mechi nane, zote hapa kwetu juu ya Litembo, kwa kuwa wenzetu hawakuwa na uwanja uliochorwa. Tumeshinda saba. Zote nane nilianza mimi.

Mwalimu alisema mashindano ya mkoa yatakuwa Songea, tarehe 13 na 14 Septemba, na mwaka huu kila timu inaruhusiwa kusajili wachezaji huru wawili, yaani wasio na timu, kabla ya saa kumi jioni ya tarehe 31 Julai.

"Mbamba Bay kuna dada wawili," akasema. "Biubwa na Rukia. Timu yao imekufa baada ya kocha wao kuhamishwa. Wote wawili ni warushaji."

Wenzangu wote waligeuka kuniangalia. Sikujua niweke wapi macho.

"Mwalimu, mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, Eunice. Una mkono mmoja, basi."

Kitu ninachokitaka mwaka huu ni kimoja: kuanza kurusha Songea. Sijamwambia mtu. Nimekiandika hapa ili kiwe kimesemwa mahali.

Jumatatu, 9 Juni

Ukungu. Tumechuma kahawa tangu asubuhi. Mikono inanuka maganda.

Jumatano, 11 Juni

Ukungu. Kahawa. Jioni nimemrushia Jacqueline mipira hamsini. Yeye ndiye nahodha na ndiye mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Amesema leo mipira yangu inauma hata ndani ya glovu. Nimelala nikifurahi.

Jumamosi, 14 Juni

Kamati imekaa nyumbani kwa Baba mdogo Erasmo. Yeye ni mdogo wake baba na ndiye mwenyekiti. Uwanja aliuchonga yeye kwa jembe lake, miezi mitatu, mpaka akahamisha miche kumi na miwili ya kahawa. Walikuwepo pia Mwalimu, Jacqueline, na Mama Kunigunda, fundi cherehani anayetushonea jezi. Mimi ni katibu, kwa hiyo nilikuwa naandika mjadala unaonihusu mwenyewe, na ilinibidi niandike vizuri.

Mwalimu alianza. Mechi mbili kwa siku mbili, mkono mmoja hautoshi. Eunice akiumia Jumamosi, Jumapili tutampanga nani?

"Mimi," akasema Jacqueline.

"Wewe ukirusha, atadaka nani?"

"Mimi pia. Nitakimbia haraka."

Mama Kunigunda alicheka hadi akashika mbavu. Baba mdogo hakucheka. Alisema, "Hawa watoto wamechota maji ya kumwagilia uwanja ule. Wameokota mawe. Leo aje mtu wa ziwani na mfuko wake, asimame mbele yao? Kwani huko ziwani wanajua kurusha nini zaidi ya nyavu?"

"Shemeji, nyavu nazo zinahitaji mkono," akasema Mama Kunigunda.

"Na tukishawapata watalala wapi? Baridi hii? Watu wa ziwani wakiona umande wanaita theluji."

"Hilo la kulala ni dogo," akasema Mwalimu. "Swali ni kama wanatufaa."

Jacqueline alisema anaogopa kitu kingine. Akija mgeni, tutaacha kucheza pamoja na tutaanza kuangaliana. Niliandika sentensi hiyo kama alivyoisema.

Halafu Mwalimu akaniuliza mimi nasemaje. Nilisema katibu haruhusiwi kusema. Baba mdogo akasema, "Ruhusa imetoka." Nikasema waje wajaribiwe, kwa sababu ndivyo mtu mwema angesema. Sikuwa namaanisha.

Imeamuliwa: majaribio tarehe 28. Kila mmoja arushe mipira thelathini, katibu ahesabu.

Alhamisi, 19 Juni

Mashine ya kukoboa imeharibika. Tumekoboa kwa jirani.

Jumanne, 24 Juni

Ukungu. Mipira themanini. Jacqueline amesema nipunguze, mkono wake wa kudakia umevimba.

Jumamosi, 28 Juni

Wamekuja na gari la mjomba wao Azizi, anayeleta usipa kwenye mnada. Walikaa juu ya magunia ya usipa kutoka ziwani hadi huku, wamejifunga khanga mbili mbili, na walinuka samaki hata wenyewe wakawa wanacheka. Biubwa ana miaka kumi na tisa, anaongea sana. Rukia ana kumi na saba kama mimi, mrefu, mkono wake unafika karibu na goti.

Walimsalimia Baba mdogo kwa adabu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni mlimani. Mmeona nyumba zinavyoshikilia?"

"Tumeona," akasema Biubwa. "Tukadhani zitatuangukia."

Watu walikuwa wengi, nusu ya waliotoka mnadani. Rukia alianza. Alisimama kwenye ubao wa mrushaji uliolazwa katikati ya uwanja, akatazama chini alipochuchumaa Jacqueline, akatazama miguu yake, akarusha. Mpira ulipita juu ya kichwa cha Jacqueline kwa kimo cha mtu mzima na kwenda kuanguka kwenye mibuni. Watu wakacheka. Wa pili vilevile. Wa tatu alijaribu kuushusha, ukagonga ardhi na kumrukia Jacqueline kifuani. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu anawarushia njiwa." Watu wakacheka tena.

Mimi nilikuwa na daftari. Nilicheka pia. Niliinua daftari nikaficha mdomo.

Baada ya mipira thelathini Rukia alikuwa na minne mizuri. Biubwa alipata sita, lakini yeye alikuwa anasimama kila mara kuangalia uwanja.

"Mzee," akamwambia Baba mdogo, "huu uwanja wenu umelala."

"Umelala vipi?"

"Umeinama. Hapa juu, kule chini."

Watu walicheka kuliko mwanzo. Baba mdogo hakukasirika. Aliagiza ndoo ya maji, ikajazwa robo tatu, akaiweka kando ya ubao wa mrushaji. Haikumwaga tone. "Mwanangu," akasema, "kwetu mahali ambapo ndoo inakaa na maji yake ni tambarare. Kungekuwa na mteremko maji yangekwambia."

Ni kweli, kwetu ndivyo tunavyosema. Nyumba yetu ilijengwa hivyo, na kanisa, na shule. Nami nilirusha mipira kumi wageni wakiangalia, nikapata tisa.

Kamati ilikaa dakika tano. Hakuna usajili. Mwalimu peke yake alisema tungewapa siku moja zaidi.

Walipokuwa wanapanda gari Rukia alinijia. Nilidhani atanitukana. Alisema kwa sauti ndogo, "Njoo na wewe urushe kwetu." Mwalimu alisikia, akasema ni wazo zuri, tunahitaji mechi ya mazoezi. Itakuwa tarehe 19 Julai.

Nina furaha, na sijui kwa nini nimeandika neno hilo halafu nikalitazama muda mrefu hivi.

Jumapili, 29 Juni

Misa. Watu wameniita bingwa.

Jumatano, 2 Julai

Baridi ya kuuma mifupa. Kahawa imeiva yote kwa pamoja, hatuna muda wa kusimama.

Jumatatu, 7 Julai

Kahawa.

Jumanne, 8 Julai

Shule imefunguliwa. Mwalimu ameangalia kurasa, amesema siku zangu za kahawa ni fupi mno. Nimemwambia ndivyo zilivyo.

Jumamosi, 12 Julai

Upepo. Mipira sitini. Ninazihesabu siku zilizobaki kama watoto wanavyohesabu Krismasi.

Jumamosi, 19 Julai. Mbamba Bay

Naandika nikiwa nyumbani kwa binti wa shangazi yake Jacqueline, tunapolala. Nitaandika pole pole ili nisikose chochote.

Tuliteremka alfajiri. Kadiri gari lilivyoshuka tulivua, kwanza mitandio, kisha masweta, na Jacqueline akasema tukifika tutakuwa tumebaki na mifupa. Wengi wetu hatukuwahi kuliona ziwa kwa karibu.

Uwanja wao ni ardhi ngumu ya kichanga nyuma ya vichanja vya kuanikia usipa. Biubwa na Rukia walikuwa wamewakusanya wenzao wa zamani, wengine wameshaolewa, mmoja alimpa mama yake mtoto ndipo akachukua glovu. Tuliwahurumia. Nakiri.

Nilisimama kwenye ubao. Nilirusha kama ninavyorusha. Mpira uligonga ardhi hatua tatu mbele ya mpigaji.

Nilidhani umeniponyoka. Nikaufuta, nikarusha wa pili. Ardhi. Wa tatu, ardhi, na vumbi likaingia machoni mwa Jacqueline. Alinyanyuka akanijia.

"Wewe, vipi?"

"Sijui."

"Umekula nini?"

"Ulichokula wewe."

"Basi rusha juu kidogo."

Nilirusha juu kidogo. Mkono haukukubali. Mkono wangu unajua njia moja, na njia hiyo ilikuwa inaishia kwenye mchanga. Nilipolazimisha, mpira ulielea taratibu kama chungwa, na mwanamke aliyempa mama yake mtoto aliupiga mpaka kwenye vichanja vya usipa. Aliweza kuzunguka uwanja wote akitembea.

Hakuna aliyenicheka. Watu wa huku walinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa. Ningependelea wacheke.

Kisha akarusha Rukia. Nimeshika gongo mbele yake mara mbili. Mpira wake hausikiki. Unaona mkono, kisha unasikia glovu nyuma yako. Nilikuwa bado nawaza nipige nikaambiwa niondoke, zamu yangu imekwisha. Yeye ndiye tuliyemwandikia minne kati ya thelathini. Niliyemwandikia mimi.

Tumefungwa kumi na tisa kwa sifuri. Nimeandika kwa tarakimu pia, 19–0, ili nione kama inabadilika.

Jioni wenzangu walikuwa wanapanga sababu. Safari ndefu. Joto. Jacqueline alisema ni mbasa tuliyemla, samaki mkubwa vile hawezi kukuacha ukiwa na akili. Baba mdogo alisema, "Mwacheni mtoto, amechoka na kahawa. Songea atarusha." Wote wakakubali, na walikubali kwa sababu wananipenda.

Mwalimu hakuwa nasi. Alikuwa ameketi ufukweni akitazama maji, jinsi yalivyonyooka.

Nami nikayatazama. Kisha nikaanza kuogopa.

Jumapili, 20 Julai

Tumerudi. Mkono hauumi. Ungekuwa unauma ningepata cha kusema.

Jumatatu, 21 Julai

Baada ya shule nilikwenda kwa fundi Elias anayejenga nyumba ya mapadri, nikaazima mpira wake wa maji, ule mrefu unaoonyesha ndani ambao mafundi hutumia kupata usawa wa msingi. Maji yaliyomo husimama kimo kimoja pande zote mbili, hata uupeleke mbali vipi. Nilimwomba Baba mdogo ashike upande wa ubao wa mrushaji, mimi nikaenda na upande wa pili mpaka anapochuchumaa Jacqueline. Sikumwambia kwa nini. Alidhani ni kazi ya shule.

Kwake maji yalisimama kwenye kifundo cha mguu. Kwangu yalinifika kifuani.

Tulipima mara tatu. Mita moja na sentimita ishirini, katika hatua zisizozidi ishirini na tano. Huo ni urefu wa mtoto wa darasa la pili. Miaka miwili nimekuwa nikirusha mpira kama mtu anayetupa kitu kutoka darini, na waliokuja kucheza nasi walikuwa wanapigana na mpira unaowashukia kutoka juu. Saba kati ya nane.

Baba mdogo aliketi kwenye ubao. Maji bado yalikuwa yakichezacheza ndani ya mpira.

"Ndoo haikumwaga," akasema.

"Ndoo haimwagi mpaka iwe karibu kuanguka, Baba mdogo."

"Nimezaliwa hapa. Miguu yangu inaniambia hapa ni tambarare."

"Hata yangu."

Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea kwake. Alisema, "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Zimebaki wiki saba. Utajizoeza. Tutachonga upande ule. Ukienda kuwaambia leo, watakuondoa wewe, na mimi nitakuwa yule mzee wa ndoo mpaka nife." Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananiomba. Sijawahi kuombwa na mtu mzima.

Jumanne, 22 Julai

Sijamwambia mtu.

Jumatano, 23 Julai

Ukungu. Sijamwambia mtu. Jacqueline ameniletea limao, amesema ni dawa ya mbasa.

Ijumaa, 25 Julai

Siku sita. Nikinyamaza nitaanza Songea. Hakuna mtu atakayenizuia. Nimeiandika sentensi hiyo ili nione inavyofanana, na inafanana na mtu nisiyemjua.

Jumamosi, 26 Julai

Nimesema. Kamati ilikuwa inajadili rangi ya jezi, nikaweka kalamu chini, nikasimama, nikaeleza vipimo. Nilisema Rukia na Biubwa walirusha sawasawa siku ile na uwanja ndio uliokosea, na kwamba tukitaka kushinda Songea tuwasajili, na wao waanze.

Mama Kunigunda aliweka mkono mdomoni. Jacqueline alisema, "Kwa hiyo mbasa hana kosa," lakini sauti yake haikuwa ya utani.

Nilimwogopa Baba mdogo. Yeye akasimama akasema, "Aliyeshika upande wa juu ni mimi. Anasema kweli." Akaketi. Mwalimu aliwaomba wanaokubali usajili wanyooshe mikono, na mkono wake yule mzee ulikuwa wa mwisho kunyooka, lakini ulinyooka.

Walinipa simu nipige mimi, kwa sababu mimi ndiye katibu. Alipokea Biubwa. Nilieleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo. "Mdogo wangu, mimi nimeshasajiliwa Mbinga mjini tangu juzi. Walikuja wenyewe. Ongea na huyu."

Rukia akaja.

"Nani alikuwa anahesabu siku ile?" akauliza.

"Mimi."

"Nilikuona. Wote walicheka, wewe ulikuwa unaandika tu. Kwa ajili hiyo Mbinga mjini sijawajibu."

Ningeweza kunyamaza hapo. Kamati nzima ilikuwa imenizunguka na sauti ya simu ilikuwa imefunguliwa, wote wanasikia.

"Nilicheka," nikasema. "Niliziba mdomo kwa daftari."

Kwa mbali nilisikia kuku wa kwao. Jacqueline alifumba macho.

"Sawa," akasema Rukia, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nitakuja Jumatano na gari la mjomba." Akakata.

Hakusema amenisamehe. Kila mtu alishangilia isipokuwa mimi na Mwalimu.

Jumatano, 30 Julai

Amekuja. Atakaa kwetu. Mama amenunua sufuria mpya, kwa sababu ya zamani imepika nguruwe, na amemwonyesha Rukia karatasi yake ya dukani kabla ya kuibandika hiyo sufuria jikoni. Rukia alisema, "Asante, mama," akainama kidogo.

Alhamisi, 31 Julai

Fomu imefika Mbinga saa nane. Nimeijaza kwa mkono wangu. Mrushaji wa kuanza: Rukia. Mrushaji wa akiba: Eunice. Mwandiko wangu ni mzuri, hata hapo.

Jumanne, 5 Agosti

Baba mdogo anachonga upande wa juu. Amewakataza watu kumsaidia.

Ijumaa, 15 Agosti. Kupalizwa Bikira Maria

Uwanja umekuwa sawa. Tumepima. Leo ndiyo mara ya kwanza nimepata mipira kumi mizuri kati ya ishirini. Rukia ananifundisha bila maneno mengi: ananishika kiwiko na kukiinua. Tunalala chumba kimoja na hatujawahi kuzungumza kuhusu siku ile.

Jumatano, 27 Agosti

Kahawa ya mwisho iko kwenye vichanja. Ukungu umepungua. Kumi na minne kati ya ishirini.

Jumamosi, 13 Septemba. Songea

Tumewashinda watu wa Tunduru tisa kwa mbili. Rukia alirusha raundi tano. Mimi nilimalizia mbili. Nilirusha mipira kumi na tisa na hakuna uliogonga ardhi.

Kesho ni fainali na Mbinga mjini. Mwalimu alikuwa amepanga kesho nianze mimi, ili Rukia apumzike. Usiku huu kamati imesema, kwa kuwa Rukia ameshinda leo, aanze tena, akichoka nitaingia. Rukia mwenyewe alisema hajambo. Nilikwenda msalani nikalia kidogo, nikarudi.

Jumapili, 14 Septemba

Siwezi kulala kabla sijaandika.

Biubwa alikuwa anarushia Mbinga mjini. Dada wawili, mmoja kila upande. Mpaka raundi ya nne ilikuwa mbili kwa mbili. Kila Rukia alipokuja kukaa benchi alikuwa anakunywa maji kwa mkono wa kushoto. Sikuliona hilo. Naliona sasa.

Mwanzo wa raundi ya tano Mwalimu alichuchumaa mbele yangu. Alisema, "Eunice, wewe umekaa naye wiki sita. Unaujua mkono ule kuliko mimi. Mkono umechoka?"

Nikisema ndiyo, ninaingia. Ndicho nilichokitaka tangu Pentekoste. Kwa sababu hiyohiyo sikujiamini. Nikamtazama Rukia alipokuwa anarusha ya kujaribia. Kiwiko kiko juu. Mpira unafika kifuani. Uso haujakunjamana. Niliangalia mipira mitano kwa makini kama ningekuwa naihesabu kwa ajili ya kamati.

"Haujachoka, Mwalimu."

"Una hakika?"

"Ninauona."

Akamwacha. Mpira wa pili wa raundi ile ulipigwa mbali sana. Wa nne pia. Wakapata pointi tatu, nasi hatukupata hata moja mpaka mwisho. Tano kwa mbili.

Wenzangu walimkumbatia Rukia. Baba mdogo alimwambia amerusha vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwona, na ilikuwa kweli. Mwalimu aliniuliza, "Ulisema ulichokiona?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi."

Tulipokuwa tunakunja jezi nilimwambia Rukia pole. Nikamwambia kwamba Mwalimu aliniuliza, nikasema mkono haujachoka.

Aliendelea kukunja. Kisha akasema, "Nilichoka raundi ya tatu."

Sikuelewa. Nilimwambia kiwiko kilikuwa juu.

"Nilikiinua. Kila mpira nilikiinua kwa nguvu, wewe ulikuwa unakiangalia."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuja kwenu mara ya kwanza, watu mia wakanicheka na nikaandikiwa sifai. Ningesema nimechoka mbele ya watu walewale?" Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeeleza njia. "Nilijua ungesema kweli. Ndiyo maana nilikuficha wewe kwanza."

Nilibaki na jezi mkononi. Nilikuwa nimetazama kwa makini kabisa, na nilikuwa sijaona. Hii ni mara ya pili kwa mtu huyohuyo.

Jumatatu, 15 Septemba

Tumerudi usiku. Asubuhi Mama aliweka uji mezani, na Rukia hakuweza kuinua kikombe kwa mkono wa kulia. Kilifika nusu kikarudi. Mama aliona akatoka nje kwenda kuchemsha maji ya chumvi.

Nilikishika kikombe nikamsogezea mdomoni. Nilidhani atakataa. Alikunywa mpaka mwisho bila kuniangalia, kisha akafuta mdomo kwa mkono wa kushoto.

"Mwakani," akasema, "usiuangalie mkono. Niulize mimi, na watu wakiwa mbali."

Nikasema sawa. Nikamuuliza sasa hivi unauma kiasi gani.

"Sana," akasema Rukia, na akaniachia niushike.